Mdogo wa Marehemu

Siku tuliyomzika mke wangu nilimwona mwanamke nisiyemjua nyuma ya nyumba yangu. Alikuwa akisugua sufuria huku analia.

Kulia msibani si ajabu. Kusugua sufuria nako si ajabu. Wanawake wa mtaa walijaa pale bombani, mikono imeenea majivu na povu. Kilichonishtua ni maneno yao. Mmoja alimshika bega akamwambia, "Pole mwenzangu, dada ni mama." Mwingine akasema, "Jikaze, mdogo wake. Njia yetu sote hiyo."

Mke wangu hakuwa na mdogo wake aliye hai.

Nilikuwa kwenye kiti changu, karibu na mlango wa nyuma. Nikamwita Mama Masufuria. Tunamwita hivyo kwa sababu kila penye msiba hapa mtaani yeye ndiye mkuu wa vyombo. Anajua kijiko cha nani kilipotea kwenye msiba wa nani.

"Yule nani?"

"Yupi?"

"Mwenye kitambaa cha bluu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Shemeji yako huyo. Unamkana leo?"

"Shemeji yangu tangu lini?"

"Mzee, una majonzi. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Mimi ni seremala, nimeshika randa mpaka macho yakakataa kazi ya karibu. Mbao ukiitilia shaka huipigi nyundo. Unaigonga kwa kidole, unasikiliza. Mchwa wakiwemo, mlio huwa mwingine.

Basi nikakaa nasikiliza.

Dada wa marehemu haoshi vyombo. Mahali pake ni mkekani, ndani, pamoja na binti zangu, ashikwe mkono na kuletewa maji. Huyu alikaa bombani kutwa, tena anachagua zile zenye ukoko mgumu. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vya kufunga kamba, na alivilowesha bila kuvionea huruma. Mwenye viatu vile kwake huwa na mtu wa kumwoshea vyombo. Na macho yale. Yalitoa machozi, lakini yalikuwa yakitembea. Nani kakaa na nani, nani kanyanyuka, nani kaitwa kando. Machozi yanashuka, macho yako kazini.

Alipoaga alinijia. Akainama.

"Shemeji, pole sana."

"Asante. Wewe ni wa wapi?"

"Nilikuwa na dada."

"Dada yupi?"

Akatazama chini. "Nitakuja tena, shemeji."

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndugu anayechipuka siku ya mazishi kama uyoga huwa ana lake. Lakini afuate nini kwangu? Kitanda, kabati nililolitengeneza mwenyewe, na viatu vya mpira vya mke wangu alivyokuwa akivaa kazini. Hivyo vilikuwa chini ya kiti changu.

Mke wangu alikuwa mfagizi chuoni. Jengo lake lilikuwa la watu wa sosholojia, na ghorofa yake ile ya juu. Alipiga deki pale tangu mtoto wetu wa mwisho anaota meno mpaka siku aliyodondoka na ndoo. Nilimuuliza mwanzoni watu wa sosholojia hufanya nini.

"Wanachunguza jinsi watu wanavyoishi."

"Kwani wao hawaishi?"

Kila jioni alikuja na habari zao, na mimi nilizisubiri kuliko chakula.

"Leo wamebishana," anasema.

"Juu ya nini?"

"Foleni."

"Foleni ya nini?"

"Foleni tu. Yuko mmoja anachunguza kwa nini watu wanapanga foleni."

"Kwa sababu kuna mtu mbele yao."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili. Lakini mimi sikuwa natania sana. Sokoni, mtu anayeuliza bei ya kila kitu asinunue chochote, wauzaji humtazama mikono. Hawa walikuwa wanauliza mji mzima. Nikamuuliza: wakishajua, wanamwambia nani?

"Wanaambiana wenyewe."

"Hapo ndipo pa kuogopa," nikasema.

Alizaliwa mbali, nyumba ya wakulima. Mama yake akienda shamba, yeye ndiye aliyebaki na mdogo wake mgongoni. Alikuwa msichana mdogo, na mtoto alikuwa mwepesi, wakamwita Kifaranga. Surua ilipopita kijijini, alitembea naye kutwa akimbembeleza anyamaze. Akanyamaza. Akadhani amelala. Mama yake ndiye aliyefungua kitambaa.

Hilo aliniambia mara moja tu, tulipokuwa tumeoana karibuni. Hakurudia, nami sikumuuliza. Ila watoto wetu wote aliwabeba mbele. Hakubeba mtoto mgongoni tena.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni misiba. Akisikia kuna kilio, hata mtaa wa pili, alijifunga kitambaa kiunoni akaenda. Hakuwa anakwenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja bombani. Alirudi vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, na habari tele. Alikuwa akisema msiba huujui ukikaa sebuleni. Sebuleni watu wanasema marehemu alikuwa mtu mwema. Bombani wanasema alivyokuwa.

Hakuniambia kamwe kwamba alikuwa akienda na mtu.

Aliyenifungua macho ni binti yangu mkubwa. Ni nesi. Alikuja siku chache baada ya mazishi, hata mkoba hakuuweka chini.

"Baba, yule mama wa bombani nimemkumbuka. Alishakuja hospitalini kwetu. Alikaa nje ya chumba cha maiti na kinasa sauti, anahoji waliofiwa. Ni mwalimu wa chuo. Wa kulekule alikofanya kazi mama."

"Anachunguza nini?"

"Misiba."

"Msiba una nini cha kuchunguzwa?"

"Nani analia, nani halii, nani anapika, nani anakimbia na sahani. Sasa sikiliza. Nimewauliza wanawake. Msiba wa fundi bomba alikuwepo. Wa yule mpiga picha alikuwepo. Na kila mahali mama ndiye aliyemwingiza. 'Huyu mdogo wangu.' Mdogo wake! Watu wametoa ya moyoni mbele yake wakidhani ni ndugu, kumbe wanaandikwa."

Nikamwonyesha kiti, hakukaa.

"Wadogo zangu wanamwamkia mama mdogo," akasema. "Mama mdogo gani? Siku ya kumaliza msiba akikanyaga hapa, nitamsimamisha mbele ya watu wote aseme yeye ni nani."

"Na mama yako?"

"Mama kafanyaje?"

"Ukimvua nguo yule, nguo ni za mama yako."

Akakaa. Akaanza kulia, kwa hasira. Alijua ninachosema. Mtaa ungesema: kumbe mke wa seremala alikuwa akiuza machozi yetu. Na aliye kaburini hawezi kutoka kujieleza.

"Kwa hiyo tumwache tu, Baba?"

"Nipe nafasi nimgonge kwanza."

"Umpige?"

"Nikaongee naye."

Sikulala vizuri. Lililonisumbua si yule mwanamke. Mtu wa foleni niliambiwa. Walimu waliogombania funguo za choo niliambiwa. Hili halikufika kwangu. Mtu ukikaa naye maisha yote, kisha ukakuta kuna droo hujawahi kuiona, unaanza kugonga kabati zima.

Nikaenda chuoni. Langoni alikuwepo mlinzi, kijana mnene mwenye maneno.

"Mzee wangu, unamtafuta nani?"

"Anayechunguza misiba."

"Ah, Bibi Msiba! Ghorofa ya juu. Utapanda ngazi, lifti imekufa. Nayo hawajaifanyia utafiti."

Nilipomwambia mimi ni nani alivua kofia. "Mume wa mama wa ghorofa ya juu? Pole, mzee. Alikuwa akinitukana nikikanyaga alipopiga deki. Sasa nakanyaga tu, hakuna raha." Akanipandisha mwenyewe. Kwenye varanda akawa ananionyesha milango kwa kirungu. "Huyu foleni. Huyu ndoa, usimuulize ya kwake. Huyu vijana, na mwanawe hamwamkii."

"Na wewe, nani anakuchunguza?"

"Alishakuja mmoja. Akaniuliza nahisi nini kukaa langoni kutwa. Nikamwambia nahisi miguu."

Kona za varanda zilikuwa na vumbi. Enzi za mke wangu lisingekuwepo.

Yule mwanamke aliponiona alisimama, karatasi zikamwanguka.

"Shemeji."

"Usiniite hivyo kwanza."

Nikakaa. Kiti kilicheza mguu mmoja. Yeye hakurudi kukaa upande wa pili wa meza. Alivuta kigoda akakaa karibu. Nikajiuliza kama na hilo hufundishwa.

"Mke wangu alikuwa nani kwako?"

"Dada."

"Kabla ya hapo."

Akavuta pumzi. "Alikuwa anasafisha chumba hiki. Nami nilikuwa namuuliza mambo ya misiba ya huko kwenu. Kila siku namuuliza. Siku moja akachoka, akaweka ufagio chini, akasema, 'Msiba hauulizwi ofisini. Njoo uoshe vyombo.'"

"Akakuita mdogo wake."

"Alisema nikienda kama mtu wa chuo nitapewa kiti na soda, na watu wataniambia marehemu alikuwa mtu mwema."

Maneno yalikuwa ya mke wangu. Lakini hata kasuku husema ya mwenye nyumba.

"Mdogo wake halisi unamjua?"

Akatazama dirisha. "Kifaranga," akasema. "Yule aliyenyamaza mgongoni."

Jina lile nilidhani limebaki kwangu peke yangu. Nikashika ukingo wa meza. Kisha nikajikumbusha nimekaa mbele ya nani. Hii ndiyo kazi yake. Anayejua kuuliza hung'oa siri kama fundi mzuri ang'oavyo msumari: mbao haipasuki.

"Alikuambia kinasa sauti kikiwa mezani?"

"Hapana. Alikuwa anapangusa dirisha lile. Alikuwa amenipa mgongo. Alipomaliza akasema, 'Basi wewe ukienda nami, nitasema ni mdogo wangu. Nina nafasi ya mdogo.'"

"Kwa nini mimi hakuniambia?"

"Nilimuuliza hilo. Akasema, 'Yule akijua atacheka. Nami hili sitaki lichekwe.'"

Nilimsikia mke wangu humo ndani, kabisa. Au huyu mtu anajua kuiga. Kote kuwili kuliwezekana.

"Na msiba wangu, umeuandika?"

Hakukwepa. "Siku ile niliporudi kwangu niliandika kidogo. Mkono umezoea. Kisha nikaacha."

"Uliandika nini?"

"Kwamba mume amekaa karibu na mlango wa nyuma. Kwamba viatu vya marehemu viko chini ya kiti chake, na kila anayevikaribia anakunjiwa uso."

Binti zangu hawakuviona vile viatu. Wajukuu hawakuviona. Aliviona huyu. Nilitaka kumtukana, na nilitaka aendelee kusema. Sikufanya hata moja.

"Wanawake wa bombani wanajua wewe ni nani?"

"Wachache niliwaambia. Wengi bado. Kanuni ya kazi yetu ni kumwambia mtu kabla. Nilivunja kanuni. Kila mara nilisema nitawaambia msiba ujao."

"Binti yangu atakuumbua siku ya kumaliza msiba."

"Ana haki."

"Haki anayo. Lakini atakayeumbuka ni yule niliyemzika. Kwa hiyo nenda wewe. Mlango kwa mlango, kabla ya siku hiyo. Waambie wewe ni nani. Na waambie ulimdanganya mke wangu. Ulimwambia huna kwenu, akakuonea huruma, hakujua lolote."

Akashtuka. "Hiyo si kweli."

"Najua."

"Shemeji, mimi ninaishi kwa watu kuniamini. Nikisema hivyo hakuna atakayenifungulia mlango tena. Na hapa chuoni wakisikia—"

"Ndiyo."

"Unaniambia nidanganye."

"Yeye alidanganya kwa ajili yako misiba yote ile. Kama wewe ni mdogo wake, utadanganya mara moja kwa ajili yake. Kama wewe ni mtafiti, baki na ukweli wako."

Nikaondoka. Kwenye ngazi nilisikiliza kama atanifuata. Hakunifuata.

Siku zikapita kimya. Sikusikia kitu. Nilikaa mlangoni natazama wanawake wakipita na ndoo, kila mmoja namsoma uso. Mmoja alinisalimia kwa haraka kuliko kawaida. Mwingine aligeuza kichwa. Nikawaza: amewaambia, lakini amewaambia nini? Ukweli wote ungemwokoa yeye. Ungeweka mzigo kaburini, pasipo na wa kuukataa.

Siku ya kumaliza msiba ikafika. Binti yangu alikuja mapema, midomo ameibana. Alinipangia mto mgongoni kwa nguvu mno.

"Asipokuja, heri yake," akasema.

Mama Masufuria ndiye aliyenijia kwanza, anapangusa mikono kwenye kitambaa. Akasimama kando ya kiti changu, anatazama uani, si mimi.

"Yule mtu wako alifika kwangu."

"Mtu wangu nani?"

"Usinizungushe, mzee. Amekwenda kwetu sote. Anasema ni mwalimu wa chuo. Anasema alimlaghai mkeo, mkeo hakujua kitu, na tukitaka kuchukia tumchukie yeye."

"Na nyinyi?"

"Tumemchukia. Mmoja kamfungia mlango usoni. Mimi nimemtukana mpaka koo likakauka, ikabidi yeye anipe maji." Akapangusa tena mikono. "Kisha nikamuuliza: mke wa seremala alaghaiwe? Yule aliyekuwa akijua sufuria yake kwa mlio? Akalia."

"Kwa hiyo hamkumwamini."

"Sufuria ikiungua tunasugua, mzee. Hatuulizi moto aliuchochea nani."

Akaenda zake. Yule mama hajawahi kusugua sufuria bila kujua ilipikiwa nini. Anajua kiasi gani, sijui mpaka leo. Sikumuuliza, naye hakujitolea kunieleza.

Ila nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata. Yule wa chuo alikuwa amejichafua mwenyewe.

Sikutegemea aje. Akaja. Kitambaa kilekile cha bluu, viatu vilevile, ngozi imepasuka kwa maji. Hakupita mbele. Alizunguka nyumba akaenda bombani, akachutama kwenye sufuria kubwa. Wanawake walisogea. Mmoja akamwaga maji machafu karibu na miguu yake, akasema, "Samahani, mwalimu," kwa sauti ya kutoomba samahani. Wengine wakacheka kwa pua. Yeye akachota majivu, akaanza kusugua peke yake.

Binti yangu alikwisha simama mlangoni.

"Baba, niache nimalize jambo hili."

"Kaa."

"Baba!"

"Nimesema kaa. Umesikia aliyowaambia?"

"Nimesikia. Ni uongo."

"Ni uongo. Amesema kwa ajili ya nani?"

Nikainuka. Magoti yangu hulia kama bawaba kavu, na kwa jinsi watu walivyonyamaza, nadhani wote waliyasikia. Nikaenda mpaka bombani. Maji yalikuwa yakidondoka, hakuna aliyefunga.

"Wewe."

Akainua uso. "Shemeji."

"Unafanya nini hapa?"

"Naosha."

"Nani alikuambia mfiwa anaosha vyombo? Umezunguka misiba ya watu yote hiyo, hilo hukujifunza?"

Mkono ulibaki ndani ya sufuria.

"Inuka. Mahali pako ni mkekani. Ulikosea tangu siku ya kwanza."

Kisha Mama Masufuria akampokonya ile sufuria. "Mpe mwenye kazi yake. Tazama mtu anavyosugua, kama anafuta ubao darasani!" Hapo wakacheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha pua. Si wote. Yule aliyemwaga maji hakucheka.

Akaingia ndani akakaa mkekani, mwishoni, magoti pamoja. Hakujua aiweke wapi mikono. Binti yangu alimtazama muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikombe.

"Mama mdogo," akasema, kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. "Chai."

Mwanamke akapokea kwa mikono miwili. Safari hii macho yake hayakutembea. Yalikuwa ndani ya kikombe, na bega lilikuwa likitikisika.

Nilikisogeza kiti changu kutoka mlangoni, na vile viatu nikavisogeza nacho, mpaka mahali ninapoiona mikono yake vizuri. Ilishika kikombe. Haikutafuta kalamu.

Lakini sikuondoa macho.